Kahaso na Sauti Iliyoshuka

Jaji wa mashindano alingoja mpaka sauti ya mwisho ikazimika ukumbini, kisha akanyoosha mkono na kubonyeza kinanda. Kila mtu alisikia. Kwaya ilikuwa imemalizia wimbo mahali pake, na kinanda kiko mahali pengine, juu yao kwa hatua kama ile ya kutoka mi kwenda fa. Upande wa nyuma kikazuka kicheko cha kuzibwa na kiganja, kile kinachouma kuliko kicheko cha wazi.

"Sauti nzuri mnazo," jaji akasema, "lakini mmeshuka. Mmeanzia ghorofani, mmemalizia uani."

Kahaso alikuwa safu ya mbele, upande wa sauti ya pili, na maneno hayo yalimwingia kama maji ya chumvi kwenye mpasuko wa kidole. Uchungu wa namna hiyo aliujua vizuri. Kazi yake ilikuwa kukusanya chumvi kwenye mashamba yaliyo upande wa Ngomeni, na viganja vyake havikuwa na siku ya kupona. Alikuwa mzaliwa wa Kaloleni, binti Ziro, ameolewa na Garama, mkulima asiyependa maneno mengi. Wenzake walimwita Mama Sidi kwa jina la binti yake.

Kuimba alifundishwa shuleni huko Kaloleni, kwenye shule ya misheni, na mwalimu aliyewasimamisha uani asubuhi na kuwafanya washike noti moja mpaka macho yawatoke. Sauti ya kwanza husifiwa, aliwaambia, na besi huogopwa, lakini sauti ya pili ndiyo mhimili. Ikiyumba, paa linakuja chini. Kahaso alilishika neno hilo akakua nalo. Hakuwa na sauti ya kushangaza watu. Alichokuwa nacho ni pumzi, na uwezo wa kushika noti isiyumbe, kama kigingi kilichopigwa nyundo.

Na wimbo ule wa mashindano ulikuwa kama umetungwa kwa ajili yake. Ulikuwa na beti tano, unaimbwa bila kinanda, na kila ubeti ulifuatwa na kiitikio kimoja: "Umetuvusha." Kwenye "vu" ya neno hilo sauti nyingine zote zilihama. Besi waliteremka na kupanda, sauti ya tatu ikapinda, sauti ya kwanza ikaelea. Sauti ya pili pekee ndiyo iliyobaki mahali pamoja, juu ya noti ya re, ndefu, mpaka wenzake wamalize safari yao wamkute palepale.

Mwaka uliofuata wimbo wa mashindano ukawa uleule. Wazee wa kanisa walimwita Jedida, mwalimu wa kwaya, wakamwambia bila kuficha: wakirudi tena na aibu, kwaya itavunjwa, na nafasi yao Jumapili watapewa vijana wenye spika na magitaa.

Jedida alikuwa mwanamke wa bara, mwalimu wa chekechea, mkali lakini mwenye haki. Alirudi na kinanda chake kidogo akaanza kumsaka aliyekuwa akiwashusha. Aliwaimbisha besi peke yao, kisha akabonyeza kinanda: sawa. Sauti ya tatu peke yao: sawa. Ya pili, ya kwanza, zote sawasawa. Akawaimbisha wote pamoja beti tano, akabonyeza. Wameshuka, hatua ileile ya mi na fa.

"Kuna mtu anatuvuta," akasema Okoth.

Okoth alikuwa mwenyekiti wa kwaya na nguzo ya besi, fundi wa pampu kwenye mashamba yaleyale ya chumvi. Mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Yeye ndiye aliyependekeza watolewe mmoja mmoja, wengine waimbe, mpaka mwenye kosa ajulikane. Jedida hakupenda, ila hakuwa na njia nyingine. Wakaanza. Akatoka huyu, kwaya ikashuka. Akatoka yule, ikashuka. Kanisa likawa kimya kama chumba cha mtihani, na kila aliyerudishwa mahali pake alikaa akipumua kwa nafuu, akimtazama wa baada yake.

Ikafika zamu ya Kahaso. Alikwenda kusimama mlangoni, mikono ameifumba nyuma, akawasikiliza wenzake wakiimba beti tano bila yeye. Kile kiitikio kilikuwa kama nguo iliyolegea, lakini walipomaliza, Jedida alibonyeza kinanda, na kinanda kikakubali. Hawakuwa wameshuka hata kidogo.

"Rudieni," Jedida akasema.

Wakarudia. Kinanda kikakubali tena.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Kahaso, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wote wangegeuka. Okoth ndiye aliyesema. "Mimi sishangai. Mama Sidi juzi alikuwa Kaloleni kwenye mazishi, na kule kulikuwa na tambiko, kila mtu anajua. Mtu hawezi kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule, halafu sauti yake ikawa nyepesi."

"Alikuwa shangazi yangu," Kahaso akasema. "Nilikwenda kumzika."

"Sijasema usizike."

"Umesema nini, basi?"

Jedida aliinamia kinanda kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali, "Mama Sidi, pumzika kwanza. Trizah wa pembeni yako atashika nafasi yako. Nisamehe, lakini umesikia mwenyewe."

Na kweli alikuwa amesikia mwenyewe. Hicho ndicho kilichomvunja. Angekuwa ameonewa kwa maneno matupu, angepigana. Lakini kinanda hakina chuki na mtu. Alichukua leso yake, akatoka, akatembea mpaka nyumbani bila kujua amepitia wapi.

Garama alipoelezwa aliuliza swali moja tu. "Wewe ukijisikia, unashuka?"

"Sishuki. Nashika."

"Basi," akasema Garama, akaendelea kunoa jembe lake.

Lakini lile neno la Kaloleni halikubaki kanisani. Lilifika kisimani, likafika dukani, na lilipofika kwenye mashamba ya chumvi lilikuwa limeota pembe. Wanawake aliozoea kufanya nao kazi walianza kupanga mistari yao mbali kidogo na wake. Mmoja, Gladys, rafiki yake wa miaka, alimnong'oneza kwamba watu wanasema ana mzigo, na kila anapojiunga mambo huzama. Pampu moja ilipoharibika wiki ile, mtu akamtaja. Kahaso aliyekuwa akiimba tangu asubuhi akikwangua chumvi sasa alifanya kazi kimya. Hata peke yake jikoni, akifungua mdomo, aliisikia re yake ikitoka na mara hiyohiyo akaitilia shaka, akaikata. Binti yake Sidi alimwambia ajiunge na kanisa jingine Mambrui au Malindi. Kahaso alimjibu kwamba mtu akihama na jina baya, jina humtangulia njiani.

Siku zikaenda, mashindano yakakaribia. Kisha siku moja, jua limeshika weupe wa chumvi mpaka macho yanauma, aliinua kichwa akamwona Jedida akija juu ya tuta la shamba, viatu mkononi.

"Habari za kazi, Mama Sidi."

"Njema, Mwalimu." Hakuweka reki chini.

"Nimekuja kukuambia kitu, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho, hata ukikasirika."

"Sema."

"Trizah naye anashuka."

Kahaso aliacha kukwangua.

"Si mara zote," Jedida akaendelea. "Hilo ndilo lililonichanganya. Trizah hana pumzi. Kwenye ile 'vu' mara nyingine anaweza kuishika yote, na siku hizo tunashuka. Mara nyingine anaikata katikati, anavuta pumzi, anaingia tena akiwafuata besi, na siku hizo hatushuki. Niliposikia hivyo nikajua si mtu, ni noti. Nikamwita shemeji yangu Nahashon. Yeye hutengeneza piano za hoteli Malindi na Watamu, maisha yake yote ni kusikiliza nyuzi. Alituimbisha mara mbili tu. Akacheka. Akaniambia, mwalimu, hiyo re yenu ni mbili."

"Mbili vipi?"

Jedida alichuchumaa juu ya tuta, akachota chumvi kidogo akaweka virundo viwili vidogo, vimekaribiana nusura vigusane. "Hii ni re inayokaa vizuri na fa na la. Hii nyingine ni re inayokaa vizuri na so. Kwenye kinanda ni noti moja, kwa sababu watengenezaji wamezilazimisha zilingane. Kila noti imesogezwa kidogo ili zote zivumiliane. Koo la mtu halijalazimishwa. Koo hutafuta pale ambapo sauti zinashikana na kutulia. Sasa wewe ukianza 'vu', wenzako wako kwenye fa na la, na unaweka re yako mahali pake hasa, pa chini. Kisha besi wanahamia so. Hapo ilibidi re yako iwe hii ya juu. Lakini wewe huhami. Umeshika. Basi besi wanafanya nini? Wanaiteremsha so yao ikukute ulipo. Inatulia, inapendeza, na hakuna anayejua kwamba wimbo mzima umeshuka."

"Kiasi gani?"

"Nahashon anasema ni kama sehemu ya tano ya kutoka mi kwenda fa. Mtu hasikii. Lakini viitikio ni vitano."

Kahaso alivitazama vile virundo viwili vya chumvi. Upepo ulikuwa ukivikwangua. "Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Ungekuwa mtu wa kuyumba, tusingeshuka. Tumeshuka kwa sababu umeshika sawasawa na wenzako wakakufuata sawasawa."

"Na yule aliyesema ninavuta watu kwa sababu ya mazishi?"

Jedida alipangusa chumvi vidoleni. "Hilo nilipaswa kulikataa siku ileile. Sikulikataa."

"Trizah akikata pumzi hamshuki. Mwacheni akate."

"Akikata, neno linavunjika. Jaji atalisikia. Nahitaji mtu wa kuishika noti nzima na kuihamisha ndani yake, juu kidogo, bila kuikata, bila mtu kusikia imehama. Sina mwingine."

Hasira ilimpanda Kahaso polepole, kama maji ya bahari yanavyoingia shambani mlango ukifunguliwa. Alifukuzwa kwa kushika. Sasa anaitwa ili aache kushika. Alisema, "Ulinitoa mbele ya watu, Mwalimu."

"Nitakurudisha mbele ya watu."

Jedida alitimiza. Jioni ile ya mazoezi alisimama akasema kwamba amemwonea Mama Sidi, akaeleza kwa nini, kisha akampisha Nahashon aeleze zaidi. Nahashon alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayezungumza huku ameinamisha sikio moja kama anayesikiliza mlangoni. Okoth alisikiliza mikono amekunja. Alipoulizwa kama ana neno, alisema hesabu za mafundi ni za mafundi, yeye anachotaka ni kwaya isiaibike. Hakumtazama Kahaso.

Na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kahaso alijaribu kuipandisha re akapandisha mno, ikawa kama anaimba wimbo mwingine. Akajaribu tena, haikusogea. Kidogo chenyewe kilikuwa kidogo mno, hakuna kidole cha kukionyesha wala kibonyezo cha kukibonyeza. Miaka yote mwili wake ulikuwa umejifunza kutosogea.

"Usiitafute kichwani mwako," Nahashon akamwambia. "Haimo humo. Msikilize besi. Akifika so, mtakuwa mnagongana, utasikia sauti zinatetema kama bati lililolegea. Panda taratibu mpaka zitulie. Zikitulia, umefika. Na wewe, Bwana Okoth, usimfuate. Hata ukisikia kutetema, kaa kwenye so yako. Mngoje."

Kahaso aliinua macho. Kumbe katika watu wote, wa kumsikiliza ni yule. Na Okoth naye alielewa. Watu wawili wasiosalimiana walitakiwa kugongana mbele ya kila mtu na kuvumilia, mmoja asimame imara, mwingine apande kumkuta.

Walifanya mazoezi hivyo siku zote zilizobaki. Kuna jioni walizofaulu na jioni walizotoka bila kuagana. Mara mbili Okoth alikatiza wimbo akasema mama huyu anampotezea noti. Mara moja Kahaso alimjibu, kwa upole uliowafanya wengine watazame chini, "Simama mahali pamoja, baba, nitakuja. Ukikimbia nitakukutaje?"

Siku ya mashindano, kule Kilifi, ukumbi ulikuwa umejaa, na kwenye meza ya majaji kilikuwapo kinanda, kimefunguliwa, kinangoja. Jaji alikuwa yule wa mwaka uliopita. Jedida aliwapa sauti ya kuanzia, akainua mikono.

Ubeti wa kwanza ukapita. Kikaja kiitikio, Kahaso akaiweka re kati ya fa na la, akaisikia imetulia. Besi wakahama. Kutetema kukaja, akapanda, kukatulia. Hakuna aliyejua isipokuwa wanakwaya wenyewe. Ubeti wa pili ukaenda vivyo hivyo. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.

Kwenye kiitikio cha tatu ndipo hofu ilipompata Okoth. Labda alimwona jaji akisogeza mkono kwenye kinanda. Alipohama, hakwenda kwenye so aliyozoea. Aliitupa chini kidogo, palepale ambapo re ya Kahaso ilikuwa bado haijasogea. Zikashikana mara moja. Hakukuwa na kutetema hata kidogo. Ilikuwa tamu, na Kahaso alijua kwamba utamu ule ndio uliowaangusha.

Angeweza kukaa. Hakuna mtu ukumbini ambaye angesikia kosa, na jaji akibonyeza mwishoni, lawama ingemwangukia Okoth. Wazo hilo lilimpitia, lote zima, katika muda wa noti moja. Alilitambua.

Kisha akapanda.

Sauti zao zikagongana wazi kabisa. Safu ya mbele ya wasikilizaji waliinua vichwa. Trizah, kando yake, aliyumba akanyamaza. Kahaso aligeuza kichwa, akamtazama Okoth machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na hakushuka. Alimwona akisikia. Akamwona akidhani, kwa kitambo, kwamba ni Kahaso aliyekosea, kwamba ndiyo hivyo tena, Mama Sidi na mzigo wake. Kifua cha Kahaso kilikuwa kinaungua kwa pumzi inayokwisha. Mikono ya Jedida ilikuwa imesimama hewani, haina la kufanya. Hakuna ishara ya mkono kwa jambo dogo kiasi kile.

Okoth alipanda. Polepole, uso umekaza, aliinua so yake mpaka ikakutana na re ya Kahaso, kutetema kukapungua, kukaisha. "Sha," wakaimba wote, na wimbo ukaendelea.

Beti mbili zilizobaki Kahaso hakuzikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka tu kwamba Okoth hakukimbia tena. Walipomaliza, jaji akanyoosha mkono. Alibonyeza do. Kinanda na kwaya vilikuwa mahali pamoja. Jaji akainamisha kichwa, akabonyeza mara ya pili kama asiyeamini, akaandika kitu.

Hawakushinda. Walikuwa wa pili, nyuma ya kwaya ya Malindi mjini, na katika maelezo yao waliambiwa kwamba kiitikio cha tatu kilikuwa na ukali usioeleweka. Lakini wazee wa kanisa hawakuzungumzia tena kuivunja kwaya.

Wiki iliyofuata Okoth alimfuata Kahaso shambani, akasimama kando ya tuta akigeuza spana mkononi. "Mama Sidi. Siku ile Kilifi nilishuka mimi. Ungeweza kuniacha."

"Ningeweza."

"Na lile neno nililosema la Kaloleni, nisamehe."

Kahaso alivuta reki, chumvi ikajikusanya. "Nimekusikia, baba. Lakini neno lile ulilisema kanisani, watu wamejaa. Hapa tuko wawili na chumvi."

Okoth aliitia spana mfukoni akaondoka. Jumapili iliyofuata hakusema kitu. Ile iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama kabla hajaitwa. Hakusema vizuri, aliyachanganya maneno, akalitaja jina la Kaloleni mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema alimsingizia mwenzake kwa kitu asichokijua, na kwamba mtu kumzika shangazi yake si dhambi. Kisha akaketi upesi, uso ukimwaka. Gladys, aliyekuwa benchi la nyuma, alijikohoza.

Kahaso hakugeuka. Alimsogezea Trizah nafasi karibu naye, kwa kuwa alikuwa ameanza kumfundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni, na Jedida akawapa sauti ya kuanzia.